Taya Lililobeba Msumeno

  

Nimekuja kuzungumzia mataya ya samaki mmoja aliyetoweka zamani sana, kabla ya dinosauri wa kwanza kuwapo. Jina lake la kitaalamu ni Helicoprion. Aliishi katika kipindi cha Permi, takriban miaka milioni 290 hadi 270 iliyopita, na visukuku vyake vimepatikana Urusi, Kazakstani, China, Japani, Australia, Kanada, Meksiko na Marekani. Aliyeenea kiasi hicho ungetarajia ameacha urithi mkubwa. Alichoacha ni karibu kitu kimoja tu: meno yaliyojisokota. Mwili wake haujapatikana mpaka leo. Si uti wa mgongo, si pezi, si mkia.

Lengo langu ni kuonyesha jambo moja. Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliyatazama meno hayo wakijiuliza yalikaa wapi mwilini, na jibu lilipokuja halikutoka kwenye meno. Lilitoka kwenye gegedu lililoyashika, kitu ambacho wachimbaji wa visukuku kwa kawaida hawategemei hata kukiona. Nina hoja nne. Ya tatu ndiyo ndefu, na ndiyo iliyonileta hapa.

Hoja ya kwanza: meno peke yake hayasemi yalikaa wapi

Mwaka 1886 Henry Woodward wa Uingereza alichapisha maelezo ya kisukuku kilichookotwa Australia Magharibi, kwenye bonde la mto Gascoyne. Kilikuwa kipande cha upinde chenye meno machache. Woodward alikiingiza kwenye jenasi iliyokwisha kujulikana, Edestus, wala hakuwa na sababu ya kudhani kwamba upinde ule uliendelea kujikunja. Miaka 13 baadaye, mwaka 1899, mwanajiolojia wa Urusi Alexander Karpinsky alieleza visukuku kutoka Krasnoufimsk, katika eneo la milima ya Ural, na hapo ndipo msokoto mzima ulipoonekana, duara ndani ya duara. Yeye ndiye aliyempa samaki huyu jina la Helicoprion bessonowi.

Karpinsky hakuwa mtu wa kubahatisha. Baadaye aliiongoza Akademia ya Sayansi ya nchi yake kama rais kwa karibu miaka 20. Lakini ukishamwelezea mnyama, watu watakudai mchoro, na alichochora yeye ni samaki mwenye msokoto uliochomoza puani na kujikunja kuelekea juu. Msimcheke. Ninyi wa pwani mnamjua papa upanga, anayebeba meno yake mbele ya uso nje ya kinywa. Mtu aliyepewa safu ya meno isiyo na taya, na anayejua kwamba baharini yupo samaki wa namna hiyo, ataipeleka puani bila kuona haya. Waliomfuata walizidi kutangatanga. Wapo walioupachika msokoto kwenye pezi la mgongo, wapo walioupeleka mkiani. Hata juzi juzi tu, mwaka 2008, wataalamu wa Smithsonian kule Washington walitoa mchoro ulioutumbukiza kooni kabisa, usionekane kwa nje.

Tuutazame msokoto wenyewe kwa karibu. Nitatumia kisukuku kinachojulikana kama Idaho 4, kwa sababu ndicho kitakachotufikisha tunakokwenda. Kipenyo chake ni sentimita 23, na kina meno 117. Kila jino ni bapa, limebanwa pande mbili, lina umbo la pembetatu, na kingo zake zina vijino vidogo ambavyo vidole huvihisi kabla macho hayajaviona. Sehemu ya chini ya jino imerefuka na kuinamia mbele, ikapita chini ya jino lililotangulia. Na hili ndilo la kushangaza: meno yote 117 yamesimama juu ya mzizi mmoja tu, mrefu, usiokatika, unaozunguka na kuzunguka.

Mliokulia na wasusi wa mikeka mtanielewa upesi. Msusi anaposuka ukili, sehemu iliyokamilika huikunja. Ncha aliyoanzia hubaki katikati ya kunjo, na kazi mpya huongezeka upande wa nje. Msokoto wa Helicoprion ulikua hivyo hivyo. Meno ya utotoni, madogo kabisa, yako katikati. Makubwa na mapya yako nje, na kila jipya lililoota lilisukuma yale ya zamani mbele, kisha chini, kisha ndani. Papa wa leo hana tabia hiyo. Jino lake likichakaa hung'oka na kuzama, lingine likasogea mbele kushika nafasi, na ndiyo maana meno ya papa ni miongoni mwa visukuku vya kawaida kabisa duniani. Helicoprion hakuyaachia. Aliyatunza mwilini mwake maisha yake yote.

Kwa hiyo msokoto unatupa historia ya ukuaji wa samaki, jino kwa jino, jambo ambalo wanyama wachache sana wametuachia. Mwaka 2013 Leif Tapanila na Jesse Pruitt waliutumia ukuaji huo kupunguza orodha ndefu ya spishi zilizokuwa zimetajwa hadi kufikia tatu tu. Spishi nyingi za zamani, kumbe, zilikuwa vipande tofauti vya msokoto ule ule, au samaki wa umri tofauti. Lakini swali la mahali meno yalipokaa halikujibiwa na hesabu hizo.

Hoja ya pili: gegedu nalo huweza kubaki

Aliyewahi kununua papa pale soko la samaki la Feri, au kula papa mkavu Unguja, anajua kwamba samaki huyu hana mfupa wa kumkwama mtu kooni. Kiunzi chake chote ni gegedu, kama lile tulilo nalo kwenye masikio na ncha ya pua. Gegedu huoza. Samaki wa aina hii akifa, meno hubaki chini ya bahari, na taya lililoyashika hutoweka. Hata hivyo gegedu la papa na jamaa zake si laini lote. Juu yake kuna tabaka jembamba la vipande vidogo vidogo vya madini ya kalsiamu, vilivyopangwa kimoja kando ya kingine. Mzoga ukifukiwa haraka, mahali tulivu, tabaka hilo huweza kuhifadhiwa, na pamoja nalo huhifadhiwa umbo la gegedu lililokuwa ndani.

Bahati hiyo iliwahi kutokea Idaho, Marekani. Miamba ya kule inaitwa Phosphoria, na inachimbwa kwa ajili ya fosfeti ya mbolea. Zaidi ya nusu ya visukuku vyote vya Helicoprion vimetoka jimbo hilo, vingi vikiwa vimeibuliwa na watu waliokuwa wakitafuta fosfeti, si samaki. Mwaka 1950, katika machimbo ya Waterloo karibu na mji wa Montpelier, lilitoka jiwe lililokuwa na Idaho 4. Mwaka 1966 mtaalamu wa Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, alichapisha uchunguzi wake juu ya jiwe hilo na mengine ya Idaho. Aliona meno yamezungukwa na mabaki ya gegedu, akasema kwamba msokoto ulikaa kwenye taya la chini, katikati, pale upande wa kulia na wa kushoto unapokutana. Mwaka huo huo Rainer Zangerl alieleza jamaa mdogo wa ukoo huu, Ornithoprion, kutoka Indiana. Alitumia picha za eksirei, na yeye pia akaukuta msokoto mdogo mahali pale pale.

Naomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu hili hunikera kila nikilisoma. Ushahidi ulikuwapo tangu 1966, umechapishwa, una michoro. Miaka zaidi ya 40 ikapita watu wakiendelea kuuhamisha msokoto huku na huko. Nadhani sababu ni kwamba meno yalikuwa yanaonekana na kila mtu, ilhali gegedu lilionekana kama doa tu kwenye jiwe, na sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya jiwe, ambamo huwezi kuingia bila kuvunja.

Kilichobadilisha mambo ni mashine ya CT, hii hii mnayoandikiwa na daktari hospitalini. Kundi la Tapanila wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho, akiwamo Pruitt ambaye alikuwa bado mwanafunzi (wanafunzi, sikieni hilo), lililipitisha jiwe lile la Idaho 4 kwenye mashine. Miale ya eksirei hupita kutoka pembe nyingi, na kompyuta huunganisha picha kuwa vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine. Mahali penye madini ya gegedu hutofautiana na jiwe kwa kivuli kidogo sana. Kazi ya mtu ni kukaa na vipande hivyo, kimoja kimoja, akifuata mpaka wa kivuli kile na kuupaka rangi, hadi mataya yatokee kwenye kioo cha kompyuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Biology Letters.

Hoja ya tatu: mataya yenyewe yalivyojengwa

Sasa tumefika. Nianze na taya la chini. Kila upande lilikuwa na gegedu moja kubwa, linaloitwa gegedu la Meckel kwa jina la mwanaanatomia wa Ujerumani. Hata sisi tumelipitia. Kijusi cha binadamu kina gegedu la Meckel, na taya lake la chini hujengeka kando ya gegedu hilo. Sehemu ya nyuma ya gegedu hilo haiwi taya. Inageuka kuwa nyundo, kile kifupa cha sikio la kati. Jirani yake, fuawe, hutokana na gegedu la taya la juu. Kwa maneno mengine, kiungo cha taya alichokitumia Helicoprion kung'ata kiko ndani ya masikio yenu sasa hivi, kikiwasaidia kunisikia.

Katika Idaho 4, msokoto umekaa kati ya gegedu la Meckel la kulia na la kushoto, na umejaza taya la chini lote. Jino la mwisho, lile kubwa na jipya, liko karibu sana na kiungo cha taya. Hili linaondoa michoro mingi kwa mpigo mmoja. Hakuna taya refu lililobeba msokoto kwenye ncha, na hakuna nafasi ya kuusukuma kooni. Taya lilikuwa fupi na lenye kina, na msokoto ndio uliokuwa ukingo wake wa kung'atia.

Basi meno ya zamani yalikwenda wapi? Michoro maarufu humwonyesha samaki ambaye ncha ya taya imejiviringisha hewani, meno yote nje. Huyo hayupo. Yale meno ya utotoni, na mizunguko yote ya ndani, yalikuwa yamefunikwa na gegedu. Ukimtazama samaki hai ungeona meno 12 hivi juu ya taya la chini, katika mstari mmoja katikati ya kinywa, na usingehisi kabisa kwamba chini ya ngozi yamelala mengine 100.

Mstari mmoja wa meno katikati ya kinywa una tatizo. Kitu bapa na kirefu, kikisukumwa kwa nguvu dhidi ya windo linalojipinda, huyumba upande. Nini kiliuzuia msokoto usiyumbe? Hapa ndipo mashine ya CT ilipofanya kazi ambayo jicho lisingeweza. Kando ya msokoto, kila upande, kuna gegedu la midomo. Papa wa leo wanalo pia, lakini kwao ni vijiti vidogo kwenye pembe za kinywa, vitu ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huvikata bila kujua amevikata. Kwa Helicoprion gegedu hilo limekua kubwa, limeungana na gegedu la Meckel, na limekuwa ukuta unaoubana mzizi wa msokoto kutoka kulia na kushoto. Gegedu la Meckel limebeba uzito kutoka nyuma na chini, la midomo limezuia kuyumba. Bila sehemu hizo mbili, msokoto ungekuwa mzigo tu.

Taya la juu ni fupi kuliko watu walivyotarajia, na halina meno. Narudia: halina meno. Kwa hiyo Helicoprion hakukata windo kama mkasi. Samaki aliyefanya kitu cha kukaribia hapo ni yule Edestus, aliyekuwa na safu moja juu na moja chini, zikielekeana. Katika Helicoprion msokoto ulifungika kwenye nafasi kati ya magegedu mawili ya taya la juu, ya kulia na ya kushoto.

Na taya hilo la juu lilishikamanaje na fuvu? Papa wengi wa leo taya lao la juu limening'inizwa, halikugandishwa, na ndiyo maana papa mweupe anapong'ata unaona ufizi wote ukitokeza mbele ya uso. Taya la juu la Helicoprion lilishikizwa kwenye fuvu sehemu mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo lilitulia. Halikuchomoza. Kilichosogea ni taya la chini peke yake.

Sehemu ya mwisho ni ndogo, nami naipenda kuliko zote. Mbele kidogo ya kiungo, gegedu la Meckel lina kitutu kinachoinuka juu. Taya la chini likifunga, kitutu kile hugota kwenye taya la juu na kulizuia lisiendelee. Fikirini lingeendelea: meno makubwa kabisa yako nyuma, kinywani, na juu yao ndiko ubongo uliko. Bila kizuizi, samaki angejidunga fuvu lake mwenyewe.

Hoja ya nne: alikula nini, na vipi

Ukiyajua mataya, swali la chakula halibaki la kubuni. Mwaka 2015 Jason Ramsay na wenzake walichapisha uchunguzi wa mwendo wa mataya haya. Kwa kuwa taya la chini huzunguka kwenye kiungo kilicho nyuma, kila jino hupita njia ya upinde, kutoka mbele kwenda nyuma. Meno ya mbele hunasa windo na kulivuta ndani. Ya katikati huchoma na kukata. Ya nyuma hulishika na kulisukuma kuelekea kooni. Kufunga kinywa mara moja kulifanya kazi zote tatu, wala hakukuhitaji jino hata moja juu.

Windo gani? Meno yenyewe yanasaidia hapa, nakiri. Kwa kawaida hayana mikwaruzo wala kuvunjika. Samaki anayevunja magamba magumu huwezi kumkuta na kingo kali namna ile, hasa samaki ambaye jino likimvunjikia hawezi kulitupa. Kwa hiyo alikula vyenye mwili laini: samaki wadogo, na zaidi jamaa wa ngisi na pweza, ambao walijaa bahari za Permi. Mpeni ngisi samaki mwenye mataya bapa ya kusaga, ataponyoka kwa utelezi wake. Kwenye safu ya ndoano zinazorudi nyuma hana pa kwenda.

Nyongeza fupi, kwa sababu najua nitaulizwa. Magazeti humwita Helicoprion papa. Mataya yanakataa. Namna taya la juu lilivyoshikamana na fuvu, pamoja na alama nyingine za kichwa, inamweka kwenye tawi la kimera, wale samaki wa gegedu wa kilindini wenye macho makubwa, ambao leo taya lao la juu limeungana kabisa na fuvu. Papa ni binamu yake wa mbali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niseme kidogo juu ya kazi iliyo mbele. Wakubwa wa ukoo huu wanakadiriwa kufikia urefu wa mita 7 au zaidi, lakini makadirio hayo yamejengwa juu ya jamaa ambao miili yao imepatikana, kama Caseodus na Fadenia wa British Columbia, Kanada, waliokuwa na umbo la waogeleaji wenye kasi. Fosfeti bado inachimbwa Idaho, na mashine za CT zinazidi kuona vivuli vidogo kuliko zile za 2013. Makumbusho mengi yana misokoto iliyosafishwa vizuri, meno yameng'arishwa, jiwe la pembeni limepigwa patasi mpaka likaisha. Hiyo haitufai sana. Inayotafutwa sasa ni misokoto iliyoachwa ndani ya jiwe lake, hata kama ni midogo na haipendezi kabatini, maana gegedu la kichwa, na pengine la bega na la pezi la kwanza, liko kwenye jiwe lile ambalo mtu amezoea kulikwangua na kulitupa. Wanafunzi mnaotaka kuingia kazi hii, jifunzeni kusoma picha za CT kabla hamjajifunza kushika patasi.